Familia ya Mzee Kobe Inawatangazia

Ukitaka kuiona Muyeye imenyamaza mchana kweupe, ngoja tuktuk ya Bwanamkuu iingie mtaani. Redio huzimwa. Cherehani husimama. Mama aliyekuwa akimgombeza mtoto huyaacha maneno mdomoni. Hata mimi Harusi, ambaye kibanda changu cha mbaazi na mahamri kiko pale pale kwenye kona, huinua mwiko juu ya karai nikasikiliza, na ni mahamri mangapi yameniungulia kwa sababu hiyo, Mungu ndiye ajuaye.

Maana Bwanamkuu ndiye anayetutangazia vifo. Hupita na spika mbili juu ya paa la tuktuk, pole pole, na akifika njia panda husimama. "Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh," husema. Kisha hunyamaza. Si kimya kirefu, lakini ndani yake mtu huwapitia moyoni wagonjwa wake wote: mama aliyelazwa, shangazi mwenye presha, mume aliyetoka asubuhi na pikipiki. Halafu sauti hurudi: "Familia ya fulani bin fulani inawatangazia..." Hapo ndipo wengine tunashusha pumzi, na mwenye msiba wake anaanza kulia.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiseme moja kwa moja akatupunguzia mateso. Mkewe, Mwanamina, ni mtoto wa mamangu mdogo, kwa hiyo mimi humwambia ninalotaka. Akanijibu, "Shemeji, mtu huenda ameshika kisu, ama amebeba mtoto. Mpe nafasi aweke chini kwanza." 

Wazee wake walitoka Siyu, wakahamia hapa Malindi yeye akiwa bado ananyonya. Babake, Yaseen, alikuwa mnadi wa samaki, na sauti ile Bwanamkuu ameirithi kama ilivyo. Naye alinadi sokoni miaka mingi. Akitaja nguru upande huu, wanunuzi wa upande ule waligeuza shingo. Kisha akafa jirani yake mmoja, na siku hiyo kipaza cha msikiti kikawa kimeharibika. Bwanamkuu akatoka kwa miguu, akapita uchochoro kwa uchochoro akiwaambia watu. Maziko yalijaa hata wengine wakasimama barabarani. Tangu hapo kila mwenye msiba akawa anapita kwake kwanza, mpaka akaacha kunadi samaki, akanunua tuktuk na spika.

Kazi yake anaijua na adabu yake anaijua. Hatangazi mpaka aingie mwenyewe kwenye nyumba ya msiba, atoe pole, akae chini, aulize jina sawasawa. Tena aulize lile jina ambalo watu wanalitumia, kwa sababu mtu huweza kuwa Abdulrahman kwenye kitambulisho na mtaa mzima ukamjua kwa Chupa. Ukifa Muyeye utatajwa yote mawili. Wakiwa ni Wakristo, salamu hubadilika ikawa "Bwana Yesu asifiwe," lakini kimya ni kile kile.

Shida ni watoto. Zahanati nayo humtumia kutangaza chanjo, kwa hiyo kwa mtoto wa Muyeye sauti ya Bwanamkuu ina maana mbili tu: kuna mtu amekufa, ama kuna sindano. Wakiisikia hutawanyika, huyu chini ya kitanda, yule nyuma ya pipa la maji. Na kina mama wa mtaa huu, wavivu wa kulea wasiokuwa na mfano, wamelifanya jina lake fimbo. "Hutaki kula? Haya, namwita Bwanamkuu." Mtu mpole vile, ambaye hata paka akilala kwenye kiti cha tuktuk humwomba radhi kabla ya kumwondoa.

Angeyavumilia hayo yote kama si Zakiya. Zakiya ni mjukuu wake, binti ya Farjallah, na nyumba zao zimegusana ukuta. Alipokuwa mdogo hakutoka mapajani mwa babu yake. Kisha mwaka jana akafariki nyanya yake wa kwa mama, yule aliyekuwa akilala naye. Hakuna aliyemwambia mtoto kitu. Sisi watu wazima tunapenda sana kuwaficha watoto mambo halafu tukastaajabu wakiyaelewa kombo. Zakiya alikuwa amekaa kizingitini tuktuk ilipopita, akaisikia sauti ya babu yake ikilitaja jina la nyanya yake, na ndani mara moja pakalipuka kilio. Akaunganisha mwenyewe: babu hutaja jina la mtu, mtu anakufa.

Bwanamkuu alipoingia jioni amchukue, mtoto alirudi nyuma mpaka ukutani. "Usiseme jina langu," akamwambia.

Tangu siku hiyo babu hakulitaja. Alimwita "mjukuu wangu" na akakaa mbali. Sikukuu ya Idi alimletea viatu vya kijani vyenye vifungo vya kumeta, mtoto akavipokea kwa mkono ulionyooka, akakimbia. Bwanamkuu alikuja kibandani kwangu, akaagiza chai, asiinywe. "Shemeji," akasema, "mimi sitaki kitu kingine duniani. Nataka yule mtoto asinikimbie." Nilimwambia watoto husahau. Nilisema tu, niliona mwenyewe kwamba huyu hasahau.

Sasa, mwalimu wa Zakiya kule chekechea anaitwa Tasneem, binti mwembamba mwenye bidii ya watu wanne. Alikuwa na hasira yake moja. Watoto wake walishinda kwenye simu za mama zao wakitazama nyimbo za dubu wanaoteleza kwenye barafu, na mtoto wa Malindi anamjua dubu wa barafuni lakini hajui kobe anakula nini. Akatunga wimbo wake. Akataka video ya kwetu, watoto wa kwetu wakiwapigia hodi wanyama wa kwetu. Mahali alikwisha pata: bustani ya wanyama ya mzee mmoja, Kiponda, njia ya kwenda Ganze, ambako mzee huyo hufuga wanyama waliookotwa wakiwa yatima ama majeruhi. Mpiga picha naye alipatikana, Phineas wa Kaloleni, ambaye kazi yake ni harusi na kwaya. Phineas akasema watoto hawawezi kucheza nje uwanjani bila muziki mkubwa. Zikatafutwa spika, na spika za kubebeka mtaani kwetu ni za mtu mmoja.

Wazazi walikuja juu. Wakasema watoto watalia safari nzima. Wakakubali kwa sharti, na ujumbe nikapewa mimi nipeleke, kwa sababu mimi ndiye mama wa pilau wa safari hiyo na kwa sababu kila mtu aliogopa.

"Bwanamkuu," nikamwambia, "wanazitaka spika zako. Wewe wanakutaka kimya. Usiseme neno mbele ya watoto." Sijui kupaka maneno sukari, na hata ningejua, yangekuwa machungu vile vile.

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi. "Na mjukuu wangu atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi mdomo nitauacha nyumbani."

Tukaondoka asubuhi, watoto na baadhi ya mama zao ndani ya basi la kukodi, mimi na Bwanamkuu kwenye tuktuk nyuma yao, sufuria la pilau nimelibana kwa magoti. Njia nzima hakusema. Nilijaribu kumchokoza kuhusu shati lake jipya, akatabasamu tu. Alikuwa anafanya mazoezi.

Kiponda alitupokea langoni na viatu vya mvua ingawa mvua haikuonekana miezi. "Karibuni, karibuni! Wanyama wangu washaoga, nyinyi ndio mna vumbi." Mgiriama mcheshi, na kila mnyama anamwita kwa jina la mtu aliyemfahamu. Watoto walimpenda papo hapo. Bwanamkuu aliegesha tuktuk kando ya ua wa kobe, akafungulia muziki, akakaa ndani ameinamisha kichwa. Zakiya alijipanga mwisho kabisa wa mstari, mbali na ile tuktuk kadiri ua ulivyoruhusu.

Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, lazima niseme.

Hodi hodi mzee Kobe,
tumekuja kukuona,
toa kichwa tukuone,
tusalimiane sana.

Watoto waliuimba vizuri. Kobe hakutoa kichwa. Waliuimba tena, wakapiga makofi, Tasneem akapiga magoti kwenye mchanga akabisha hodi juu ya gamba. Kobe kimya. "Twende tena," akasema Phineas. Wakaenda tena. Jua lilipanda, watoto wawili wakaanza kugombania kivuli changu, na Phineas, aliyechoka kungoja, akaenda kumpiga picha mbuni. Mazoea ni kitu kibaya: alimpiga kama anavyompiga bibi harusi, akaanza na miguu, akapanda taratibu, mpaka akafika usoni. Mbuni akamtazama kwa dharau ambayo nimeiona kwa mabibi harusi wengi.

Aliporudi, Tasneem alikuwa ameishiwa sauti. Alifungua mdomo aitishe watoto, ukatoka mkwaruzo. Wimbo ulihitaji mtu mzima wa kuita kila mnyama kabla watoto hawajaimba, na mtu huyo alikuwa yeye. Phineas hawezi, ana sauti ya mbu. Mimi nikiimba watu huuliza kama ninaumwa. Kiponda alisema wanyama wakimsikia wanadhani ni chakula, watavunja ua. Tukasimama pale tukitazama kila kitu isipokuwa ile tuktuk.

Phineas, ambaye si wa Muyeye na hajui kitu, akauliza, "Na yule mzee mwenye spika? Si anafanya kazi ya kutangaza?"

Mama mmoja akasema, "Hapana," kwa haraka sana. Lakini Tasneem alikuwa amekwisha mwendea, akamwekea viganja viwili pamoja kwa kuomba, kwa kuwa sauti hana. Bwanamkuu akanitazama. Nikamwambia, "Mdomo umeuacha nyumbani, lakini naona umekufuata."

Akachukua kipaza. Nadhani alikusudia kusema neno dogo tu. Lakini mtu aliyefanya jambo moja nusu ya umri wake, mikono na ulimi humtangulia. Akakigonga kipaza kwa kidole. "Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh."

Akanyamaza.

Ee Mola! Mama zetu pale chini ya mkwaju walisimama wote pamoja. Mmoja aliweka mkono kichwani, akauliza, "Nani? Nani tena?" Watoto waliganda. Mtoto mmoja alianza kulia, na Zakiya akaziba masikio yake kwa mikono yote miwili. Bwanamkuu aliyaona hayo. Uso ulimbadilika, akawa kama mtu anayetaka kukirudisha kipaza na hajui kinarudishwa wapi. Lakini ulimi ulikuwa njiani.

"Familia ya Mzee Kobe," akasema, "wa hapa bustanini, inawatangazia..."

Na akanyamaza tena, kwa kuwa hakuwa na la kutangaza. Alikuwa amekwama. Mimi nilikuwa namwona jasho. Na katika kimya hicho, sijui ni ule mtetemo wa spika karibu na gamba lake ama ni riziki tu, kobe akachomoza kichwa, akapepesa macho, akaung'ata mchicha uliokuwa mbele yake.

"...kuwa mzee ameamka," akamaliza Bwanamkuu, "na anakula mchicha."

Kisha mama yule wa mkono kichwani alicheka kicheko cha kupiga kelele, cha mtu aliyeponea. Watoto wakamfuata. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani. Nikamtafuta Zakiya kwa macho. Mikono ilikuwa imeshuka kutoka masikioni. Alikuwa akimtazama kobe, akimtazama babu yake, akimtazama kobe.

"Tena," akasema.

Basi tukaenda tena, na sasa kazi ikawa kazi. Tasneem akaipanga hivyo hivyo kwa ishara za mikono: Bwanamkuu atangaze, watoto wapige hodi, waimbe. Kwa mamba: "Familia ya Bwana Mamba, maarufu Meno Nje, inawatangazia... kuwa hajapiga mswaki tangu azaliwe." Kwa fisi, ambaye watoto walimwogopa: "Familia ya Mzee Fisi inawatangazia... kuwa amelala, na asiulizwe habari za mbuzi wa mtu." Twiga wa Kiponda ni mmoja tu, bado mtoto, lakini shingo anayo. "Familia ya Bi Twiga inawatangazia... kuwa kutoka hapa anaona hadi Muyeye, na jikoni kwenu kunaungua." Mbuni hakuhitaji kutungiwa. Phineas alisogea na kamera, mbuni akakinyofoa kifungo cha shati lake akakimeza mbele yetu sote, na Bwanamkuu akakitangaza kifungo kwa heshima zake zote, na jina la mwenyewe, na mji anakotoka.

Jambo nililolistaajabia ni kile kimya. Kilikuwa kile kile, hakukipunguza hata kidogo. Lakini sasa watoto walikisubiri. Walikunja ngumi, wakabana midomo, mabega yamepanda juu, wakitazamana. Na neno likidondoka, walilipuka.

Kabla ya kula, nikiwa napakua, nilimwona Zakiya amesimama kando ya gurudumu la tuktuk. Hakuna aliyemtuma.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini, mjukuu wangu?"

"Nitangaze mimi."

Bwanamkuu alikiweka kipaza chini. "Si lazima," akamwambia. "Tumemaliza. Twende tukale."

"Nitangaze. Na jina."

Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ni kadhi. Nikageukia pilau kwa sababu macho yalikuwa yananiwasha, na vitunguu vilikuwa vimekatwa tangu jana. Nikasikia kidole kikigonga kipaza.

"Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh." Kimya. "Familia ya Zakiya binti Farjallah bin Bwanamkuu..." Na hapo akanyamaza kimya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kumsikia, nami niliyemsikia akiwatangaza wazazi wangu wawili. "...inawatangazia kuwa yupo, amevaa viatu vya kijani, na hajala pilau."

Watu wakacheka. Zakiya hakucheka. Alijitazama viatu. Akajishika mkono mmoja kwa mwingine, akajigusa tumbo, akangoja kidogo, kama mtu anayengoja kuona chakula kama kimemkubali.

"Nipo," akasema.

"Upo," akasema babu yake.

Alikula pilau lake mapajani mwa Bwanamkuu, na shati jipya likaenda na mafuta, na hakuna aliyewahi kufurahia doa kiasi kile.

Video ilipotoka, balaa ikaanza upya. Phineas aliikata vizuri, miguu ya mbuni na yote, na ndani ya siku chache ilikuwa kwenye kila simu ya Muyeye. Lakini tulisahau kitu kimoja, sisi wajanja. Simu haina uso. Uko jikoni, unasikia kutoka nyumba ya pili "Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh," kisha kimya, na wewe unajuaje kama ni kweli ama ni mamba? Mahamri yangu yaliungua wiki hiyo kuliko mwaka mzima. Bi Hafswa, mama mkubwa wa mtaa ambaye hakosi msiba hata mmoja, alijitanda kanga mbili, akachukua tasbihi, akatoka akiuliza kila mlango, "Familia ya nani?" Mpaka kitoto kimoja kikamwambia, "Ya fisi, nyanya. Amelala."

Alikuja moja kwa moja kwa Bwanamkuu, nami nilikuwepo. "Umenitoa nyumbani kwangu na kanga mbili kwa ajili ya fisi?" Bwanamkuu akamwomba radhi, naye akacheka, kwa sababu ni mcheshi akitaka. Lakini alipoinuka kuondoka, alisema jambo lingine, na hili hakulisema kwa mzaha. "Mwanangu, sasa watoto wakikusikia wanacheka. Siku ya kweli ikija, utatutangazia vipi?"

Lile neno lilimwingia Bwanamkuu, nikaliona likiingia. Maana sasa tuktuk yake ikigeuka kona, watoto waliikimbilia, Zakiya akiwa mbele yao, wakipiga kelele, "Babu! Tangaza mbuni!" Mtu aliyekimbiwa miaka yote ile, ghafla anakimbiliwa. Alikuwa na furaha ya kuonekana kwa mbali. Na kila asubuhi aliamka akiomba asife mtu.

Lakini watu hufa. Jumamosi moja baada ya alfajiri alifariki Mzee Haroun, fundi cherehani aliyeshona sare za karibu watoto wote wa mtaa. Alikuwa mtu mzima wa kushiba siku, amekufa usingizini, na hata wanawe walisema ameondoka kwa wepesi. Bwanamkuu aliingia, akatoa pole, akakaa, akauliza majina. Kisha akaja na tuktuk mpaka mbele ya kibanda changu, akazima injini, akabaki amekaa.

"Watakuja mbio, shemeji," akasema.

"Waje."

"Nikinyamaza watacheka. Wafiwa watasikia watoto wakicheka." Akakigeuza geuza kipaza mkononi. "Na nisiponyamaza, ile si kazi. Halafu wakijua ni ya kweli, wataanza tena kujificha. Naye atajificha."

Nilitaka kumwambia watoto husahau, nikakumbuka kwamba neno hilo nililisema mara ya kwanza na halikuwa na faida. Nikamwambia tu, "Mzee Haroun anangoja." Akaitikia kwa kichwa. Akawasha, akasogea hadi njia panda, akagonga kipaza.

"Assalaam aleikum wa rahmatullahi wa barakatuh."

Walikuja kweli. Walitoka kila uchochoro, wengine bado na uji mdomoni, wakajipanga mbele ya tuktuk, ngumi zimekunjwa, midomo imebanwa, mabega juu. Kitoto kimoja kilikwisha anza kuchekacheka. Cherehani zimesimama, redio zimezimwa, watu wazima milangoni wanangoja, na watoto katikati ya barabara wanangoja pia, kila upande na lake.

Bwanamkuu akazima kipaza. Alishuka, akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na nyuso zao.

"Wanangu," akasema, kwa sauti yake ya nyumbani, "leo si ya wanyama. Leo ni Mzee Haroun, aliyewashonea sare. Amefariki asubuhi. Nimekuja kuwaambia watu waje wamzike."

Ngumi zikafunguka moja moja. Hakuna aliyecheka. Mmoja alijitazama kaptura yake akaishika kwenye mshono. Wakaanza kurudi majumbani, si kwa kukimbia, wanatembea tu, na mama zao wakawapokea milangoni. Alibaki Zakiya. Alikuwa amesimama pale pale, na nikasema moyoni, haya, sasa atakimbia, ewe Mola usimwache akakimbia.

"Ulimtaja ndiyo akafa?" akauliza.

"La. Alikuwa amekwisha fariki. Mimi huja baadaye."

Akafikiri. "Hata nyanya?"

"Hata nyanya. Nilikaa nje nikalia kwanza, ndipo nikaja kusema."

Mimi mwiko bado uko hewani. Zakiya alimtazama babu yake kwa muda, usoni, kama anayemkagua.

"Babu, wewe unaogopa?"

"Naogopa, Zakiya," akasema Bwanamkuu. "Kila mara naogopa."

Mtoto akazunguka tuktuk. Akapanda pale mbele kwenye kiti cha dereva, ambacho kimetengenezwa kwa mtu mmoja, na babu yake alipopanda, mtoto akamsukuma kwa nyonga.

"Basi sogea," akamwambia.

Bwanamkuu akasogea.